Zamu ya Mwisho ya Enid

Jumamosi saa nne asubuhi Glenys alifika kwenye duka la vitabu na ndoo ya waridi, akakung'uta viatu mlangoni kama alivyozoeshwa utotoni, wakati duka lile lilipokuwa kanisa la wakulima wa ngano wa Kerrabin. Tamsin, mwenye duka, aliinua macho tu.

"Mama yako keshafika. Yuko kwenye vitabu vya mapishi."

Enid, mama yake Glenys, alikuwa na miaka kumi na tisa kaburini. Lakini kanisa lilipouzwa hakuna aliyekumbuka kubandua ukutani orodha ya zamu za maua, na wanawake walioandikwa humo hawakuwa watu wa kukosa zamu kwa sababu ndogo kama kifo. Walikuja, wakapanga maua palipokuwa na mimbari, wakaenda zao. Karani wa kanisa, mtu wa kujihadhari, alikuwa amepanga miaka ishirini mbele. Jina la mwisho lilikuwa la Enid, tarehe ya leo.

Kila zamu ya mama yake, Glenys alikuja na swali lile lile.

"Mama, mtoto wangu mlimpeleka wapi?"

"Nipe mkasi."

Glenys alikuwa na miaka kumi na saba walipomchukua mtoto. Alikuwa amempakata kwa muda usiozidi wimbo mmoja.

"Leo ndio mwisho, Mama. Kama yu hai ana miaka hamsini na saba. Nitajie hata mji tu."

"Punguza sauti. Tuko kanisani."

"Ni duka la vitabu hili."

Enid akazitazama rafu. "Basi ndiyo kabisa. Watu wanasoma."

Akachomeka tawi la mkaratusi kwenye chombo cha maua, akarudi nyuma hatua moja, akalisogeza. Kisha akatoa kadi ndogo mfukoni, kwa sababu maua ya kanisa hupelekwa kwa mgonjwa au mfiwa, na lazima jina liandikwe.

"Andika langu basi," alisema Glenys. "Mwaka ule hakuna aliyeniletea hata ua moja."

"Maua ni ya wagonjwa na wafiwa. Wewe hukufiwa, mwanangu." Enid akamnyooshea kola, taratibu, kwa vidole vya baridi. Akaandika: *Bi Trembath*. "Mpelekee. Mguu wake haujapona."

"Bi Trembath ndiye aliyeendesha gari siku mliyomchukua mwanangu."

"Ndiyo. Na hakukubali hata kurudishiwa pesa ya petroli."

Enid akapitia kwenye vitabu vya safari, akatoka, akafunga mlango polepole upepo usiingie.

Tamsin alibandua orodha, akaikunja. "Unaitaka, Glenys? Nataka kuweka rafu hapo."

Glenys alitikisa kichwa kukataa. Aliyabeba maua hadi kwenye gari, akayaweka kiti cha nyuma, akayafunga mkanda, akaendesha polepole ili maji yasimwagike. Makaburini aliyaweka kwenye kaburi la Bi Trembath. Aliisimamisha kadi, jina likitazama njiani, kama mama yake alivyomfundisha. Akalia hapo kwa muda mrefu, akiwa amesimama, kisha akarudi kuchukua ndoo yake aliyoisahau dukani.