Picha Ilikatika Saa Nne na Dakika Kumi

Kipimajoto cha chumba cha mitambo kilikuwa kimefika nyuzi thelathini na tano, na saa tatu asubuhi ilikuwa haijatimia. Fundi wa rada alifungua milango ya nyuma ya makabati yote matatu, akayaelekezea feni mbili za mezani, moja ya ofisi na nyingine aliyoibeba kutoka kwake, kisha akavuta kigoda akaketi kuisikiliza mitambo kama mtu anayeuguza. Wenzake walimwita Mama Antena. Alikuwa ameihudumia rada ile miaka kumi na tisa, na alijua vizuri ugonjwa wake ulikoanzia.

Chumba kile kilikuwa na viyoyozi viwili. Kimoja kilikufa. Cha pili kilihamishiwa chumba cha mikutano, kwa siku mbili tu, aliambiwa, ili wageni wa wizarani wapate ubaridi. Siku mbili hizo sasa zilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Barua zake za kukidai zilijibiwa mara moja, kwamba suala linashughulikiwa, naye akakoma kuuliza linashughulikiwa na nani.

Saa nne na dakika kumi mtambo ulitoa mlio mmoja mrefu, taa ya kijani ikawa nyekundu. Nje antena iliendelea kuzunguka vizuri kabisa. Mpita njia angeapa kwamba mambo ni shwari. Mama Antena alinyanyua simu, akawaambia walio juu kwenye mnara wa kuongozea ndege kwamba picha imekatika, waipe rada dakika arobaini ipoe. Kisha akaandika daftarini kama alivyofundishwa: saa, joto, chanzo, sahihi.

Aliyepokea simu ile alikuwa mwongoza ndege ambaye marubani walimwita Bwana Taratibu, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Alikuwa peke yake kwenye kazi ya watu wawili, siku ya tisa mfululizo bila mapumziko. Mwenzake aliacha kazi tangu mwaka jana na nafasi yake haikuwahi kutangazwa. Kioo cha rada kilipozima alivuta vikaratasi vyake vya kuandikia mienendo ya ndege, akawauliza marubani mmoja mmoja wako wapi na wako futi ngapi, akawa anawapanga kichwani. Ndege zilikuwa nne. Tatu alizipanga sawasawa. Rubani wa nne alimwambia bado maili ishirini, kumbe zilibaki kumi na mbili. Saa nne na dakika ishirini na mbili ndege hiyo, ikishuka, ilichomoza kwenye wingu ikakutana uso kwa uso na nyingine iliyokuwa ikipanda. Rubani aliyekuwa akipanda alikata kona kwa nguvu, na mhudumu wake wa ndege aliyesimama akaanguka akavunjika mkono. Zilipishana. Hakuna aliyekufa.

Saa nane mkuu wa kituo alimwita fundi chumba cha mikutano. Kulikuwa na ubaridi wa kumsimamisha mtu vinyweleo. Mkuu alimuuliza kwanza hali ya mama yake, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka juzi na anayekaa naye. Akauliza kama ni kweli mkataba wake unaisha mwezi huu. Halafu akamsogezea daftari, akaeleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba wizara ilishatangaza rada imekarabatiwa, na ikionekana ilikuwa imezima kwa joto kabla ndege hazijakutana, watu watauliza kilikarabatiwa nini.

"Andika saa nne na nusu," alisema. "Ni dakika ishirini tu, dada yangu."

"Dakika ishirini hizo ndizo zinazomtetea yule mwongoza ndege. Nikiziondoa, kosa linabaki lake peke yake."

"Linakuwa kosa la kibinadamu. Watu hukosea."

Mama Antena aliitazama kalamu. Alimfikiria mama yake, anayegeuzwa kitandani kila baada ya saa tatu, na dawa zinazokatwa kwenye mshahara. Kisha akalifunga daftari, akalirudisha upande wa mkuu.

"Ukitaka saa nne na nusu, mkuu, andika kwa mkono wako. Mimi wangu umeshaandika."

Mkuu hakukasirika. Alichukua jalada la mkataba wa fundi, akalishusha chini kabisa ya rundo la majalada, akamwambia anaweza kwenda.

Aliteremka ngazi akimtafuta Bwana Taratibu. Alimkuta chumba cha mapumziko, amevua viatu, ameegemeza kichwa ukutani. Akamsimulia yote: daftari lipo, saa ipo, akaze moyo mbele ya kamati ya uchunguzi. Yule bwana alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada," alisema, "nimeshaandika."

"Umeandika nini?"

"Kwamba nilighafilika."

Karatasi ya kukiri kosa aliletewa saa sita. Akikiri, anasimamishwa miezi mitatu na kushushwa cheo. Akibisha, leseni inakwenda. Ana watoto wanne, na hajui kazi nyingine. Aliyasema hayo huku akijikanda macho, kisha akaongeza, kama anayeomba radhi, "Sikujua kama ungekataa. Hapa hajawahi kukataa mtu."

Fundi akamuuliza adhabu inaanza lini.

"Kesho asubuhi. Leo nimalizie zamu. Wanasema hakuna mtu mwingine."

Saa kumi na moja zilikuja ndege tatu kwa mpigo, na kioo kilikuwa cheusi tena, joto la mchana limeuzima mtambo upya. Mama Antena, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha na ambaye sheria haikumruhusu kuingia mnarani, aliketi kwenye kiti cha yule mwenzake aliyeacha kazi, akawa anamwandikia vikaratasi. Bwana Taratibu aliziachanisha ndege mbalimbali sana, kuliko inavyotakiwa, mojamoja, akiwafanya marubani warudie kila tarakimu, mpaka ya mwisho ikagusa chini.

Abiria walishuka wakivuta mabegi yao, wakilalamikia kucheleweshwa nusu saa. Mmoja, mwanamume wa makamo mwenye suti, alifika mapokezi akataka jina la aliyehusika, ampeleke kunakostahili. Karani alipiga simu ofisini kwa mkuu, akauliza, akaliandika jina la Bwana Taratibu kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, akampa.