Mawifi Chini ya Meza

Bonge na wifi yake walikuwa wamenuniana. Studio yao ya picha ilikuwa chumba kimoja tu, chenye pazia la kupigia picha, benchi la wateja, printa na meza ndefu ya kaunta, na humo ndani wawili hao walipishana kama watu wasiojuana.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, ila wao hawakucheka. Wifi mtu, dada wa mume wa Bonge, alikuwa mwanamke mwembamba, maridadi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidoti kwa alama iliyokuwa juu ya mdomo wake. Siku moja alichoka kuitazama sipiyu ya kompyuta imekaa juu ya kaunta na vumbi lake. Akaiteremsha chini ya meza, mgongo ukutani, studio ipendeze. Bonge, ambaye jina lake hakulipata kwa bahati mbaya, alikuja akavuta kiti, akakaa, na goti lake likakumbana na flashi iliyochomekwa kwa mbele. Flashi ilipinda kama kijiko cha bati. Matundu ya mbele yakafa papo hapo.

"Nani kaweka sipiyu miguuni mwa watu?"

"Na nani ana goti kama nyundo?"

Basi, hapo ndipo salamu zilipokatika. Wakawa wanaongea kupitia wateja. Hata mteja mmoja alipouliza kistaarabu, "Samahani, hapa mna wifi?" Bonge alimjibu, "Ninaye, ila hatuongei."

Tabu ni kwamba matundu yaliyobaki yalikuwa ya nyuma. Kila mteja aliyekuja na flashi alimaanisha mtu apige magoti, aingie uvunguni, apapase gizani. Kila mmoja akamwachia mwenzake.

Asubuhi moja akaingia mwalimu mstaafu, anageuka nyuma kila hatua utadhani kaiba. Alifungua kibweta cha miwani, akatoa flashi ndogo.

"Wanangu, fanyeni hima. Mke wangu yuko hapo jirani kwa fundi cherehani, anapimwa gauni. Humu kuna picha yetu ya arusi. Anajua ilipotea tulipohama, kumbe nakala ilikuwa kwa dada yangu. Nataka niitoe kubwa, ya ukutani. Nimshtukize."

Kidoti akanyoosha sketi yake. "Mwalimu, mwambie mwenzangu aichomeke. Mimi leo nimevaa ya kubana."

"Mwalimu, mwambie huyo kuwa aliyeipeleka chini ndiye—"

"Jamani!" Mzee alikuwa keshachungulia mlangoni mara mbili. "Mtanigombanisha na mke wangu bure."

Bonge alimwonea huruma. Akapiga magoti, akajisukuma uvunguni, kichwa na mabega ndani, kiwiliwili kilichobaki nje. Akapitisha mkono kati ya ukuta na sipiyu, akapapasa kwa kidole, akapata tundu. Akachomeka. Flashi ikagoma. Akaigeuza. Ikagoma. Akairudisha vile ilivyokuwa mwanzo, na safari hii ikateleza ndani bila kinyongo, kama vile ilikuwa inamtania.

"Mwalimu, mwambie haijasoma," ilisema sauti ya Kidoti juu.

"Mwambie imeingia! Nimeisikia!"

Ilikuwa imeingia kweli, ila kwenye tundu la waya wa intaneti. Bonge akaichomoa kwa hasira, kiwiko kikagonga waya wa umeme, na kompyuta ikazima. Alipotaka kurudi nyuma, nywele zake za kusuka zikamvuta. Zilikuwa zimejisokota na nyaya. Akavuta tena. Wapi!

Alitulia pale, shavu sakafuni, akipumua vumbi. Kisha akasema polepole:

"Wifi. Nimenasa."

Akaona magoti ya Kidoti yakishuka, na hapohapo ikasikika sauti ya kitambaa kikipasuka: praaa!

"Isiwe sketi," alisema Bonge.

"Ni sketi."

Bonge ndiye aliyeanza kucheka, tumbo likimtikisika huko uvunguni, na Kidoti akafuatia, mpaka wote wawili wakawa hawawezi kusema neno. Kidoti alimnasua nywele msuko mmoja mmoja, kwa vidole vyepesi.

"Ningekuuliza kabla sijaihamisha," alisema.

"Na mimi ningetazama ninapokaa. Haya, mimi naiinamisha, wewe uchomeke."

Bonge akaikumbatia sipiyu na kuivuta mbali na ukuta. Kidoti akarudisha waya wa umeme, akawasha, akachomeka flashi. Na hapo Bonge akaona viatu vya kike vimesimama mlangoni.

"Baba, unafanya nini huku? Na hawa?"

"Wanatafuta panya," alisema mwalimu.

"Na wewe umesimama tu? Hebu nipe huo ufagio!"

Viatu vilikuja mbio. Bonge akafumba macho, akijiandaa kupigwa mgongoni. Hakupigwa. Juu yao kompyuta ilikuwa imeamka, na kilichokuwamo ndani ya flashi kilifunguka chenyewe, kikajaa kioo chote. Ufagio ulianguka sakafuni.

"Huyu si mimi?" alisema mama yule, sauti imeshuka.

"Ni wewe."

"Nilikuwa na kiuno!"

"Na mimi nilikuwa na nywele. Nilitaka nikushtukize, mama watoto."

"Umenishtukiza. Mimi nilijiandaa kwa panya."

Akacheka, kisha akavuta pua. Walipotoka uvunguni, mawifi walimkuta amegusa kioo kwa ncha ya kidole, na mzee amemshika bega. Wakageuka, wakajifanya wanakung'uta vumbi.

Sipiyu waliibeba pamoja, wakairudisha juu ya kaunta.

"Inaharibu sura ya studio," alisema Kidoti, sweta la Bonge limemzunguka kiunoni mara mbili.

"Inaharibu kabisa," Bonge alikubali, na wala hakuna aliyeigusa.

Printa ilikwaruza, picha ikatoka taratibu, kwanza shada la maua, halafu nyuso mbili changa zilizokakamaa kwa woga. Wazee waliondoka wameishika huku na huku kama kioo cha dirisha, wakibishana tangu mlangoni: sebuleni au chumbani.

"Chumbani," alisema Kidoti.

"Sebuleni, wifi! Ya nini kuificha?"

Wakaendelea kubishana mpaka mteja aliyefuata akakohoa.