Fagio la Viwanja

Kitinda hakuwa mtu mbaya, tuseme hilo mapema, maana wengine wetu ni wepesi wa kuhukumu. Alikuwa na haraka tu, na haraka hiyo ndiyo iliyomlisha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kusimamia ardhi: si hii ya kuchafulia viatu, bali ile ya kwenye kompyuta, ambako watu huingia kwa sanamu za kuchorwa, hununua viwanja, hujenga kumbi na maduka, hupangisha, na kugombania mipaka kana kwamba watazikwa humo.

Kila kiwanja huko kina idadi ya watu kinaoweza kuwabeba. Kikijaa, mteja anayebisha hodi hafunguliwi. Wenye viwanja walilalamika kwamba nafasi zinaliwa na watu wanaoketi tu, hawanunui, hawachezi, hata mkono hawainui. Kitinda akawatengenezea Fagio. Ukikaa dakika tano bila kujongea, Fagio linakutupa nje. Ujumbe wa kuagana aliuandika mwenyewe ofisini, wenzake wakimchochea: "Pole, gogo. Hapa ni pa wanaotembea." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Fagio likanunuliwa kama njugu.

Nyumbani aliishi na baba yake. Mzee alikuwa dereva wa malori, mtu wa soga na vicheko, mpaka kiharusi kilipompitia na kuuchukua upande wake wa kulia. Kitinda ndiye aliyemwekea kompyuta mbele ya kiti chake na kumwonyesha kiwanja kimoja chenye mabenchi, ambako wastaafu walikutana kila alasiri. Huko mzee alipata marafiki: mshonaji mmoja ambaye macho yalikuwa yakimuaga, na mama mmoja waliyembandika jina la Bi Redio kwa sababu hanyamazi. Waliketi wakaongea kwa sauti zao, basi. Kutembea walishatembea vya kutosha hapa duniani.

Jioni moja Kitinda alirudi akamkuta baba ameiinamia kompyuta. Kidole cha mkono wa kushoto kiligonga kitufe kimoja, kikapumzika, kikagonga tena. Kidole kilikuwa kimevimba, na chai ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Shikamoo, baba. Unafanya nini?"

"Marahaba, mama. Naomba kukaa." Akacheka bila furaha. "Siku hizi ukitulia kidogo, wanakufukuza. Juzi Bi Redio anatusimulia msiba wa dada yake, sote kimya tunamsikiliza. Tukatupwa wote, na yeye yuko katikati ya kilio. Halafu wanakuachia na maneno. Hebu ngoja."

Akayasoma polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayesoma hukumu yake. Kisha akavua miwani.

"Mimi simlaani mtu, mama. Lakini aliyeandika haya, nadhani hana mzazi."

Mtego wa panya, walisema wahenga, hunasa aliyekuwemo na asiyekuwemo. Hawakusema aliyeutega afanye nini akimkuta baba yake ndani. "Nitaangalia, baba," akasema, akakimbilia jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake alimpigia simu mwenye kiwanja, akamwomba awaachie wale wazee wa mabenchini.

"Dada yangu, si wewe uliyeniambia magogo yanakula nafasi?" yule bwana akamjibu kwa upole kabisa. "Mimi nilikuamini."

Angeweza kusema kwamba mmoja wa magogo hayo ni baba yake. Aibu ikamziba mdomo. Badala yake akafanya ujanja wa mwoga: aliingia kimyakimya kwenye mipangilio ya kiwanja kile, kwa kuwa Fagio alilijua ndani nje, akaliweka jina la baba yake kati ya wasioguswa. Jina hilo tu. Angeongeza mengine, mwenye kiwanja angeshtuka. Akajiambia yamekwisha.

Wapi! Wiki haikupita, alimkuta mzee ametulia, mkono mapajani, kitufe hakigusi tena. Kwenye kioo, sanamu yake ilikuwa imeketi kwenye benchi peke yake, uwanja mzima mweupe.

"Wenzako wako wapi leo, baba?"

"Hawaji tena. Wao wanatupwa, mimi nabaki. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili mshonaji akaniuliza nimempa nini mwenye kiwanja. Wanadhani ni mimi ninayewachongea. Bi Redio, mama, yule Bi Redio, nikimsalimu ananyamaza."

Kitinda alijiona mdogo, akataka kukimbilia jikoni tena. Safari hii hakwenda.

"Ni mimi niliyekuandika usiguswe, baba."

Angeweza kuishia hapo. Mzee angemshukuru, na shukrani hiyo asingeiweza.

"Na lile Fagio nimelitengeneza mimi. Na yale maneno ni yangu."

Mzee hakugeuka upesi. Shingo yake haikuwa nyepesi tena. Alipogeuka hakuwa na hasira, na Kitinda alitamani angekuwa nayo.

"Ulikuwa unacheka ulipoyaandika?"

"Ndiyo, baba."

"Hukujua ni mimi."

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Na wale wenzangu, wao ni wazazi wa nani?"

Kitinda akautazama ule uwanja mweupe kwenye kioo.

"Nitoe na mimi kwenye hao wasioguswa," mzee akasema.

"Baba, nitaongea na mwenye kiwanja, nitamwambia ukweli wote, nitalibadilisha..."

"Utaongea naye. Lakini kwanza nitoe."

Akamtoa, machozi yakimziba macho hata akakosea mara mbili. Mzee akawapigia wenzake simu, mmoja mmoja. Hakuwaeleza mengi. Aliwaambia tu waje, leo wote ni sawa, wakitupwa watatupwa pamoja. Mshonaji alitangulia. Bi Redio akafuata, akanuna kidogo kwa heshima ya ugomvi, kisha akaanza kuongea.

Dakika zilipokaribia kwisha, Kitinda alishindwa kuvumilia, akanyoosha mkono akigonge kile kitufe kwa niaba ya baba yake. Mzee akaudaka ule mkono kwa mkono wake mmoja mzima, akaushusha mapajani pake, asiuachie.

"Kaa, mama," akamwambia. "Kaa utazame."

Kitinda akakaa.