Kofia ya Kapita

Ng'ombe ndio waliotulisha. Nyuki tuliwataka kwa kujifurahisha tu, mimi na mume wangu, baada ya binti yetu Adèle kuolewa na nyumba kuwa kimya. Tulikaa kwenye barabara ya zamani ya Buta, kabla hujafika Masako, na ng'ombe wetu walikuwa wale wafupi wasio na nundu, ambao mbung'o wa msitu hawawaui upesi. Kwenye kitambulisho mume wangu aliandikwa Kasongo. Jina la Alphonse lilibaki chumbani, maana miaka ile serikali ilikataza majina ya ubatizo kwenye karatasi. Mimi nilimwita Papa Adèle, na yeye aliniita Mama Adèle, basi.

Mzinga aliufuma yeye. Alikata kekele, ile mitambazi ya porini wanayofumia viti, akakaa nayo mlangoni jioni nyingi mpaka kikatoka kikapu kirefu, kimezibwa juu, wazi chini. Nje nikakipaka mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu. Ndani nikasugua nta na sinda, majani yale ya chai yanayonukia ndimu. Tukakitundika kwenye mti wa safu, yale matunda ya zambarau, nyuma ya zizi, mfuniko wake wa ubao tukauegemeza chini ya mti, tukangoja. Mijusi wakaingia. Sisimizi wakaingia. Nyuki, hapana.

Wapita njia hawakutuacha.

"Papa Kasongo, asali iko?"

"Iko njiani."

"Inakuja na mashua ya Kinshasa?"

Wakacheka mpaka kwenye kona, na mume wangu akacheka nao, kwa sababu mashua ya Kinshasa kila mtu aliijua, haikufika kamwe siku yake.

Ukweli ni kwamba yeye alipenda kufuma tu. Nyuki wenyewe aliwaogopa. Utotoni alichomwa na mmoja, mmoja tu, na uso ukavimba hivi kwamba mama yake alimpita uani bila kumjua. Na mimi, mke wa mfugaji, nilimwogopa dume letu. Majike niliwazalisha kwa mikono yangu hii, ila dume nilimpitia mbali. Aliitwa Kapita, kama msimamizi wa mashamba, kwa sababu hakuna jike aliyeinua mguu bila yeye kugeuka kutazama. Dume la kwanza lilikuwa limekufa kwa nyoka, na majike wakakaa muda mrefu bila ndama, kwani kupata dume Kisangani si kama kuchagua kuku sokoni. Alipokuja Kapita ndipo zizi likapata watoto tena. Tukimpoteza huyo, tumekwisha.

Jumamosi moja alasiri, saa ya Salongo, nilizunguka nyumba na panga langu mkononi kumwita mume wangu. Kila mtu alitakiwa barabarani kukata majani, amri ya chama. Nikamkuta amepiga magoti kando ya Kapita, aliyelala amefungwa kwenye nguzo yake. Nilidhani anamtoa kupe, kama alivyozoea saa hiyo.

"Papa Adèle, tunachelewa."

"Usitembee," akasema bila kugeuka. "Simama palepale. Angalia pembe."

Pembe ya kushoto haikuonekana. Nyuki walikuwa wameivaa yote, wakaning'inia mpaka sikioni, rundo la rangi ya kahawa iliyokaangwa, linachezacheza. Kapita alikuwa anatafuna, jicho nusu limefumba.

"Mungu wangu. Walikuja saa ngapi?"

"Hata sijui. Nilisikia kama mvua, nikatazama juu, kumbe ni wao."

"Kata kamba, tukimbie."

"Akisimama atatikisa kichwa. Akitikisa, wote watamwingia puani. Umesahau mbuzi wa Simi-Simi?"

Sikuwa nimesahau. Walikuwa mbuzi wa shemeji yangu kule Simi-Simi, walifungwa karibu na mti wenye nyuki, na watu walipofika na ndoo za maji hapakuwa na mbuzi wa kuokoa.

"Alors, tufanye nini?" nikauliza.

"Wewe ndiye mama wa nyuki."

"Na wewe ndiye baba wa dume."

Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa mahali ambapo hakutaka kuwa.

Nikamweleza nilichosikia kwa wanafunzi wanaopita kwenda Masako kusomea msitu: nyuki wanaohama huondoka wameshiba asali, hawana nyumba ya kulinda, na wakiachwa kwa utulivu hawachomi ovyo. Tena hupenda kupanda juu, kwenye giza.

"Hao wanafunzi," akasema, "walichomwa wangapi?"

"Sikuwauliza."

"Bon. Leta kikapu."

Nilikileta pamoja na mfuniko wake. Njia ya kukitumia ilikuwa moja tu: kukivika ile pembe kutoka juu, mdomo ukitazama chini, nyuki wapande wenyewe. Maana yake nisimame begani kwa Kapita, tumbo langu likigusa shingo yake. Kapita akafungua jicho lote akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni.

"Ni Mama Adèle tu, baba," mume wangu akamnong'oneza, na vidole vyake vikaendelea kutafuta kupe chini ya koo. "Ni huyu anayekuletea chumvi. Mlaji wa chumvi yake ni wewe, eh? Lala, mwanangu."

Nikashusha kikapu polepole. Pembe ikaingia. Kapita akawa amevaa kofia, imeinama upande mmoja kama msimamizi anayerudi kutoka kwenye pombe, na kama nisingekuwa naogopa ningecheka. Mara nikasikia miguu. Nyuki mmoja hana sauti ya miguu, lakini hao wote wakitembea juu ya kekele walisikika kama mchele unaomwagwa polepole kwenye ungo. Walikuwa wanapanda.

Hapo ndipo nilipoona moshi.

Mchunga ng'ombe wetu, aliyeitwa Waziri, mtu mzima wa Maniema, alikuwa amemaliza sala ya alasiri, na kila akimaliza huwasha moto wa majani mabichi upande wa pili wa zizi, kufukuza inzi. Ng'ombe wetu wakiona moshi huenda kusimama ndani yake, hata ndama. Waziri hakutuona, nyumba ya ndama ilikuwa katikati. Na Kapita akaacha kutafuna. Akavuta hewa. Nikaona miguu ya nyuma inajikusanya, maana ng'ombe huanza kuinua nyuma.

Kupiga kelele hatukuweza.

"Citoyen Kasongo! Citoyenne! Barabara itajikata yenyewe?"

Alikuwa Viviane, mwenye duka la maharagwe, mtu wa Butembo, aliyepewa na chama kazi ya kuwafuatilia wasiofika Salongo, na aliyemwita kila raia citoyen kama chama kilivyoagiza. Alikuja kwa hatua kubwa, amevaa kitenge kipya cha chama. Kisha akaona kofia. Akasimama, mdomo wazi.

"Mama Viviane," nikasema kwa sauti ya kanisani, "nenda ukazime moto ule. Usikimbie."

"Mimi?"

"Wewe."

"Na kitenge hiki?"

"Na hicho hicho."

Akaondoka kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba mayai. Tukamsikia nyuma ya nyumba ya ndama, ananong'ona kwa hasira. "Zima!" "Lakini mama, inzi..." "Zima, nasema! Amri ya chama!" Kisha ndoo ikamwagwa, na moto ukalia fyuuu.

Lakini Kapita alikuwa ameshainua kiuno. Mume wangu akajilaza juu ya mgongo wake, uzito wote, mkono mmoja akaunyoosha mpaka kwenye shina la mkia, akaanza kukwaruza kwa kucha. Alikwaruza kama mtu anayechimba. Mimi nikainuka na kikapu, kichwa cha Kapita kilipoinuka, na nyuki wachache wakadondoka juu ya mkono wa mume wangu, wakatembea kuelekea kiwikoni.

"Mama Adèle. Wanatembea."

"Waache watembee."

"Kwani nimewazuia?"

Jasho lilimtoka puani, lakini mkono wa mkiani haukusimama. Kapita akapumua, pumzi ndefu yenye harufu ya majani, akajishusha tena chini. Nami nikashuka naye.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja tu. Mikono yangu ilikufa ganzi, nikaisahau. Nafikiri malkia wao alishaingia, kwa sababu waliobaki chini wakaanza kuharakisha, wote pamoja, kama watu wa misa waliosikia kengele ya pili. Wale wa kiwikoni nao wakaruka wakaenda. Nikanyanyua kikapu kidogo kidogo. Pembe ikatoka, safi, inang'aa. Mume wangu akatelezesha mfuniko chini ya kikapu, na mimi nikakiweka chini kando ya nguzo ya mbali.

Kapita akatikisa kichwa. Masikio yakapiga paa, paa, na hakuna kilichotoka humo. Akasimama, akakojoa kwa muda mrefu. Mume wangu akampapasa macho, pua, ndani ya masikio, chini ya kidevu, akarudia tena kuanzia machoni.

"Mzima," akasema. "Mzima. Mzima kabisa."

Kisha akakaa palepale kwenye mavi. Nikakaa naye. Viviane akarudi, kitenge kimejaa tope na majivu, Waziri nyuma yake na ndoo tupu.

"Salongo yenu nimeiona," Viviane akasema. "Sitaandika kitu. Nani ataniamini?"

Tukacheka, hata Waziri, mpaka mume wangu akashika mbavu na machozi yakamtoka, na sikumwuliza ni ya nini, kwa sababu na mimi yalikuwa yananitoka. Kapita hakutujali. Aliteremsha kichwa kwenye majani yaliyokuwa yamebaki, akavuta fungu, akaanza kusaga, taya upande huu, taya upande ule, bila haraka yoyote, nasi tukakaa chini tunamtazama akila.