Kifaa cha Mzee Shigeo

Hisae alichimba shimo kwenye theluji, akapapasa chini ya ile mpya iliyoanguka usiku. Kidole kilikuta punje zilizolegea kama sukari, tabaka ambalo theluji ya juu huporomoka kwalo. Hakupapenda mahali pale hata kidogo.

"Baba, turudi," alimwambia mkwewe.

"Unavyoipekua theluji, mwanangu, mtu atadhani unachagua samaki sokoni," Mzee Shigeo alimtania. "Mimi nimezeeka nikipitisha wageni hapa."

Takuma, mume wa Hisae, alicheka. "Mkimaliza kubishana mnikute chini." Akateleza na mbao zake za kuteleza thelujini. Mlima ukaguna, theluji ikakatika juu yake, ikamzoa mpaka bondeni. Ilipotulia, haikuonekana hata glavu.

Wote watatu walivaa kifuani kifaa kinachotuma mawimbi, ili aliyefukiwa apatikane. Anayetafuta hugeuza chake kipokee.

"Geuza kifaa, baba," Hisae alipaza sauti wakishuka.

"Tayari."

Kifaa cha Hisae kilinasa mawimbi. Aliyafuata mbio, namba za umbali zikashuka, zikapanda, zikashuka tena. Alizunguka, akarudi alikotoka, dakika zikayoyoma. Alipoinua macho alikuwa amesimama mbele ya mkwewe, aliyekuwa akidunga theluji kwa ufito. Taa ya kutuma ilimwakia kifuani.

"Baba, nakutafuta wewe."

Mzee alijitazama kifuani. "Nilibonyeza, mwanangu. Hizi glavu..."

Hisae alikizima kifaa hicho mwenyewe. Sasa mawimbi yalimpeleka moja kwa moja alikolala mumewe. Walichimba, mzee upande wa miguu, yeye kichwani.

Uso ulikuwa wa bluu. Mbele ya pua na mdomo theluji ilikuwa imegeuka barafu ngumu, na Hisae akakata tamaa papo hapo. Kila mwongozaji wa wageni katika milima ya Hakuba anajua barafu ile huletwa na pumzi ya aliyefukiwa akiwa hai. Takuma alikuwa akipumua mle ndani wakati mkewe akimzunguka baba yake. Hisae aliivunja barafu kwa ngumi, akaitupa kabla mzee hajainuka akaiona.

Walimkandamiza Takuma kifua kwa zamu hadi mikono ikafa ganzi. Hakurudi.

"Niambie kweli," mzee alisema. "Tungewahi?"

"Hapana, baba. Alikufa palepale."

"Afadhali." Akamshika mkono, akalia. Hisae alimwachia mkono huo, ingawa alitamani kumfukia pale pale.