Isipokuwa Wagonjwa

1.

USIEGESHE
SAA 1 ASUBUHI – SAA 11 JIONI

chini yake:

ISIPOKUWA WAGONJWA

chini yake tena:

WAGONJWA: MWISHO DAKIKA 15
← →

na kwa mkono, kwa rangi nyekundu:

jumatano soko paki kwingine

2.

Leo Jumatano. Saa tatu kasorobo. Mzee Elinami Mshana amesimamisha gari mbele ya nguzo yenye vibao hivyo, nje ya kliniki ya macho, injini inanguruma. Kando yake mkewe, Nakijwa, jicho la kushoto limefungwa bandeji. La kulia lilikufa zamani. Jana alitolewa mtoto wa jicho. Leo saa tatu wanaifungua bandeji, na hapo ndipo watajua kama ataona.

3.

“Nisomee,” alisema Nakijwa. Alifundisha shule miaka thelathini na mmoja.

Akamsomea.

“‘Isipokuwa’ iko juu ya dakika au chini?”

“Juu. Mama Ndeshi, kwani wewe bado ni mgonjwa?”

“Nimeshapasuliwa. Sijui.”

“Na mshale unaonyesha kote kote.”

Nakijwa akacheka kidogo. Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wa mumewe kwenye gia.

“Usiniache niingie peke yangu, Baba Ndeshi.”

4.

TANGAZO
Gari litakalokutwa limeegeshwa kinyume na maelekezo litafungwa mnyororo. Kutoelewa maelekezo hakutakuwa utetezi.

5.

Madereva wa bodaboda, kivulini:

— Huyo mzee ni mara ya nne anazunguka na kurudi hapo.
— Anatafuta nini?
— Ruhusa.

6.

Wewe unayesoma, ungeegesha wapi?

Saa tatu kasoro dakika tano.

7.

Zamoyoni, msimamizi wa maegesho, aliinama dirishani, kitabu cha makosa kwapani.

“Shikamoo mzee. Hapa hapafai.”

“Marahaba. Basi nieleweshe, binti yangu. Panafaa wapi?”

Zamoyoni akaitazama nguzo. Akaitazama muda mrefu.

“Sisi wenyewe tulieleweshwa siku moja tu,” alisema, “mvua ikanyesha, semina ikaishia hapo.” Kisha akaiona bandeji. “Mimi nitazunguka huku nyuma kwanza. Nikirudi nikalikuta gari, nitaandika. Ndiyo kazi yangu, mzee.”

“Andika, mama. Andika tu.”

Akazima injini.

8.

Ngazi kumi na tisa. Alimhesabia zote, moja moja, kama mtoto anayefundishwa.

9.

Muuguzi aliivuta plasta taratibu. Elinami alitazama sakafu. Miaka yote ya udereva, milima na kona zake, hakuwahi kuogopa hivi.

“Fungua jicho, mama. Unaona nini?”

Nakijwa alipepesa kope.

“Mama?”

“Mwanga.”

Tena:

“Mtu.”

Akainua mkono, akamgusa mumewe shavuni, kwenye mikunjo, akaifuata kwa kidole hadi kwenye mvi.

“Ulizeeka lini, Baba Ndeshi?”

“Ulipokuwa huoni.”

“Sogea,” alisema Nakijwa. “Sogea tena, bado kuna ukungu kidogo, nataka nikuone vizuri.”