Kucha za Darasa la Tatu

Mimi sina subira, na sijawahi kusema ninayo. Ningekuwa nayo, nisingeanguka mazoezi ya kufundisha mara ya kwanza kwa kumwambia mkaguzi kwamba yeye mwenyewe hesabu hazijui. Hazijui kweli, lakini hayo tuyaache. Mwaka wa themanini na sita nikapewa nafasi ya pili na ya mwisho: Darasa la Tatu, katika shule ya msingi iliyopakana na chuo chetu cha ualimu, nje kidogo ya Kilifi. Mkaguzi angekuja Alhamisi. Nikianguka tena, mimi Nduku narudi Kitui bila cheti, niulizwe na kila mtu sokoni.

Sasa nyuma ya darasa lile palikuwa na shimo, na chuoni kila mtu alikuwa na habari zake. Eti ni mlango wa handaki lililochimbwa na Wareno, na ndani wamo majini wanaofugwa na wachawi wa huko mashambani. Eti mbuzi aliingia pale, siku ya tatu akatokea Kuruwitu amenyolewa. Njoroge wa mwaka wa pili aliapa kwamba mwanachuo mmoja alimezwa mwaka wa sabini na tisa, wakubwa wakasema amehamia Kericho.

"Njoroge," nikamwambia, "na wewe ndiye utakayefundisha Sayansi?"

Jumatatu nikakagua usafi. Lo, kucha! Nikatoa wembe, nikawakata mmoja mmoja, watoto arobaini na mmoja, mpaka kiuno kikaniuma. Kucha zote nikazitia katika mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikafunga kifuniko. Halafu kichwa kikanivimba. Kwa nini nisiwafundishe mambo mawili kwa siku moja? Nikawatoa nje, nikawapanga mstari, nikasimama ukingoni mwa shimo.

"Mwaona? Hakuna jini hapa, hakuna mchawi."

Nikautupa mkebe ndani. Tuliusikia ukigonga jiwe, kisha kimya. Hakuna mtoto aliyecheka. Nikadhani wameelewa.

Jumanne walikuja wawili. Wawili! Mtoto wa mwalimu mkuu, na Randu, ambaye nadhani hakusema lolote nyumbani. Jumatano Randu naye hakuja.

Siku hiyo hiyo saa nne asubuhi wakaja akina mama, kama ishirini hivi, wakaketi barazani mbele ya darasa langu. Aliyewasemea ni Kanze, mamake Mapenzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia shikamoo, maana amenizidi umri. Akaitikia marahaba bila kuniangalia.

"Mwalimu, hatukuja kugombana. Twataka kucha za wanetu."

"Kucha ni uchafu tu, mama."

"Kwenu huenda ni uchafu. Huku, mtu akitaka kumroga mwanangu hamtafuti mwanangu. Atatafuta ukucha wake, au unywele wake. Wewe umezikusanya za wote, ukazifunga mkebeni, ukazipeleka kwa wenyewe." Akanyoosha kidole upande wa shimo. "Na watoka Kitui, kwenye wachawi wakali."

Ala! Kumbe muda wote ule tulipokuwa tukiwaogopa wao, wao walikuwa wakituogopa sisi, tangu siku tuliyoshuka basi na masanduku yetu. Hasira zikanipanda. Nikataka kumwambia mengi. Lakini kesho ilikuwa Alhamisi, na madawati yalikuwa matupu.

"Nikizileta, watoto watarudi?"

"Zilete kwanza."

Nikafunga leso kiunoni, nikashuka. Nisidanganye, yule mbuzi wa Njoroge hakunitoka akilini. Nikapapasa ukuta, nikahesabu hatua. Ya kumi na mbili nikagonga paji la uso kwenye mwamba. Basi! Handaki lote ni hilo. Palikuwa pahali watu wa zamani walipokata mawe ya kujengea, alama za sululu bado zaonekana. Mreno hata mmoja hakuwapo. Palikuwapo majongoo, kandambili moja, na mkebe wangu umefunguka, kucha zimetawanyika. Nikapiga magoti, nikaziokota pamoja na mchanga.

Nilipotoka nikawaambia, "Ni machimbo ya mawe tu. Hatua kumi na mbili, kwisha."

Wakaniangalia kwa huruma, jinsi mtu anavyomwangalia mlevi. Kanze akachungulia mkebeni.

"Za Mapenzi ni zipi?"

Nani angejua? Hapo mama mmoja kijana, Mbeyu, mamake Randu, akaanza kulia. Hakupiga kelele. "Nilimzika wa kwanza mwaka jana, mwalimu," akasema. "Huyu ndiye niliyebaki naye."

Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu ujinga, tuliyofundishwa chuoni. Haikutoka. Nikaona aibu, aibu ya kweli, mpaka macho yakaniwasha. Nikaketi nao pale sakafuni, nikachana karatasi kutoka kitabu changu cha maandalio, nikatoa wembe na kukata kucha zangu, zote kumi. Nikazikunja katika ile karatasi, nikamnyooshea Mbeyu.

"Hizi ni zangu. Kaa nazo. Mtoto yeyote akiumwa, mwajua la kufanya."

Mbeyu akaishika. Akavuta, haikuja. Akavuta tena. Nikatazama mkono wangu, nikaona nimeing'ang'ania kwa vidole vyote vitano.

"Waogopa?" akaniuliza.

"Naogopa," nikasema. Haki ya Mungu, niliogopa kuliko mle shimoni.

Nikamwachia. Akaifunga kwenye pindo la leso yake, mafundo mawili, akajifuta machozi.

"Mwalimu," akasema, "kesho kengele yapigwa saa ngapi?"